Mara Thelathini

Kaijage alizipanga tatu juu ya kioo,
ghorofani kwake, Makoroboi,
kama anayepanga vitambulisho vilivyookotwa.
"Hii kubwa," akasema, "ndiyo ya maharusini."
Nikaipokea. Shingo ikaniuma kabla sijalipa.
Mimi nasoma mita za maji, nikamwambia,
napanda mawe tangu saa mbili mpaka viatu vilie;
kitu cha kuning'inia kifuani kama mtoto wa kunyonya
sikitaki.

Ya pili nyembamba, rangi ya fedha,
inang'aa kama dagaa aliyetoka majini sasa hivi.
Lakini haioni mbali.
Na simu ninayo: ukiivuta ikuletee ndege
inakuletea chenga,
ndege umtafute mwenyewe.

Ya tatu ilikaa kimya.
Nyeusi, nene kidogo,
kipande cha sabuni ya mche kilichofuliwa nusu.
Ikaingia mfuko wa koti langu la kazi
na nafasi ya daftari ikabaki.
Kaijage akabonyeza: pua ikachomoka,
ikachomoka tena,
kama kobe aliyesikia habari.
"Mara thelathini," akanong'ona,
utadhani kuna mwingine anayeitaka.

Nikahesabu.
Ile mita ya Isamilo, nyuma ya geti la mbwa wawili,
nitaisoma nikiwa barabarani, wabweke mpaka wachoke.
Pimbi wa Capri Point wanaoota jua
wakikukodolea macho kama wanakudai.
Korongo wa Mwaloni, yule mwenye upara,
anayengoja matumbo ya sangara
kwa subira ya mrithi.
Siku za kawaida tu. Sina harusi ya mtu.

"Ijaribu." Akanifungulia mlango wa baraza.
Nikaelekeza Mabatini,
nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba.
Nikavuta.
Mabati yakawa bati. Bati likawa kutu.
Kilima chote kikatetemeka, nikajua ni mkono wangu;
nikaegemea nguzo, nikabana pumzi,
nikautafuta mlango wetu wa buluu.
Mlango ukaja.

Na baba.

Baba ambaye tangu kiharusi, tangu mvua za mwaka juzi,
tunambeba kumtoa nje, tunambeba kumrudisha,
ambaye kila kliniki humwambia daktari wa Bugando
mguu huu ulishaaga,
amesimama.
Mkono mmoja kwenye jiwe, mmoja hewani,
midomo inahesabu.
Hatua. Jiwe. Hatua.
Akayumba. Akacheka peke yake.
Akachungulia njiani kama mtoto aliyelamba sukari.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
"Piga!" Kaijage akasema. "Ukipiga ndipo utauona ukali wake."
Ukali nilishauona.
Nikaishusha, nikapiga ndoo za plastiki za duka la ng'ambo,
nyekundu, buluu, nyekundu,
naye akazisifu rangi.

Sikuomba apunguze hata mia.
Alishangaa, akaniongezea kitambaa cha kufutia kioo.

Jioni baba yuko kwenye kiti chake,
khanga magotini, kama tulivyomwacha asubuhi.
Akaipokea kamera, akaipima kiganjani
kama asiyemwamini muuza nyama.
"Na hii inaona mpaka wapi?"
"Si mbali," nikasema. "Mpaka ng'ambo ya barabara."
Akanitazama.
Muda mrefu akanitazama.
"Basi nipige," akasema, "nikiwa nimekaa."
Akaivuta khanga ifunike kandambili na vumbi lake,
nikarudi nyuma hatua tatu, jiwe likanigusa mgongo,
nikairudisha ile pua ndani
mpaka ikasoma mara moja,
nikapiga.