Mizani ya Pamba

Kabla hujajua kusoma, kaka Mihayo,
ulijua kilo zako.
Baba alikuning'iniza kwenye mizani ya pamba
ghalani kwa ushirika, Igurubi,
ukabembea kwenye ndoano kama robota changa,
mshale ukatetemeka, ukatua: ishirini na mbili.
"Huyu wa punda," akasema.
Mimi hakunipima.

Ukoo wetu haukuacha ng'ombe wa kutajika.
Uliacha tandiko la gunia,
fimbo ya mkole isiyompiga punda, inayopiga hewa tu,
na majina mawili:
Ndalahwa, aliyeshinda mwaka wa njaa
akazawadiwa debe la mtama, akaligawa kabla ya kufika nyumbani;
na Luhende mwanawe, aliyeshinda mara nne,
ya tano akaanguka.
Luhende huyo ndiye baba.
Alikufundisha mbio akiwa amekaa.

Wembere ni tambarare mpaka macho yanachoka.
Masika tope linameza gurudumu,
kiangazi linapasuka kama kisigino.
Hapo, Julai, choroko zikishaanuliwa,
punda thelathini walipangwa kwa kamba moja
na wewe katikati, miaka kumi na mitatu,
juu ya Deni.
Tulimwita hivyo kwa sababu halali.
"Deni linakuja! Deni linakuja!"
watu walipiga kelele, na mwenye duka la mkopo
akacheka mpaka akavua kofia.

Ulishinda. Ukashinda tena.
Nzega ulipokea asante ya punda, ile tunayoijua,
mbavu mbili, ukapanda wiki ya tatu
umefungwa kanga yangu chini ya shati.
Usiku wa kuamkia mbio ulikula tobolwa moja,
ukatema mate kwenye kopo,
ukakimbia mchana wa jua kali na sweta la baba.
Mama alifunika chungu ili usinuse.

Mifupa haisikii amri.
Mwaka ule nilikuwa karani wa mizani.
Kikomo hamsini. Ulipanda, mshale ukapita,
nami nikaandika hamsini,
mwandiko mzuri kabisa.

Deni alifika wa kwanza, akapiga magoti.
Hakuinuka mpaka ng'ombe walirudi zizini.
Ulikaa naye, ukimpepea kwa kofia,
na kombe la bati likiwa vumbini
hakuna aliyeliokota.

Usiku ukaja ghalani.
"Holo, ulisoma ngapi?"
"Hamsini."
"Soma tena."
Ukaishika ndoano kwa mikono miwili, mtu mzima,
miguu umeikunja kama mtoto.
Nikainua kibatari.
Hamsini na sita.
Ulishuka polepole, ukasema tu,
"Basi sita hizo alizibeba yeye."

Sasa mnachota maji, wewe na Deni,
madumu manne, hakuna wa tano,
na wewe unatembea kando.
Lakini mkitokea pale vichaka vinapokwisha
na uwanda ukafunguka,
masikio yake yanasimama,
na wewe, nimekuona,
vidole vinatafuta fimbo.

Juzi Minza wako alikuja ghalani.
Hakuomba. Aliirukia ndoano mwenyewe,
akabembea, mshale ukatetemeka.
Sikuusoma.
Nilikuwa naangalia mikono yake,
jinsi ilivyoshika.