Mkataji

Barua ilikuja Jumatatu, mvua ya mawe nyuma yake,
mvua ya Burnie, inayogonga bati kama mdai.
Inasema: tumepunguza posho yako
dola arobaini na moja kila wiki mbili.
Si adhabu, Bwana Quilty. Ni motisha.
Ukihudhuria mafunzo, fedha yako itarudi.
Ukikosa siku moja, tutakata tena.

Kukata nakujua.
Miaka ishirini na sita nilisimama kwenye kisu
cha kiwanda cha karatasi, zamu ya usiku,
magombo mazito kuliko ng'ombe wawili
yakiingia upande huu, yakitoka upande ule
yamekuwa madaftari, risiti, kura, barua za mapenzi,
na pengine, sijui, barua kama hii.
Kisu kilikula ncha ya kidole changu cha shahada
mwaka binti yangu alipoanza kutembea.
Ndiyo shahada niliyo nayo.

Darasa liko ghorofani, juu ya duka la magodoro.
Tuko saba.
Tamsin ana miaka kumi na tisa;
kamwachia shangazi mtoto, na chupa ya maziwa
iliyochorwa mstari kwa kalamu: mpaka hapa, usizidishe.
Zoran alichomelea meli kule Rijeka
kabla mkufunzi wetu hajazaliwa;
leo anafundishwa kupeana mkono.
Hamish ndiye mkufunzi. Viatu vyake bado vinalia.
Kijana mwema, sitamsingizia,
huleta biskuti kwa fedha yake mwenyewe.

"Jiuzeni!" anasema Hamish.
Zoran ananigeukia: "Bei gani?"

Nikauliza kazi ziko wapi. Akafungua kompyuta.
Mbili.
Moja iko Launceston, inaanza saa kumi na moja alfajiri,
na basi la kwanza huondoka saa moja.
Nyingine ni ya kufundisha kozi hii hii, wilaya jirani.
Tukacheka wote, hata yeye,
kisha akaacha kucheka kabla yetu.

Najua wasemavyo: asiyefanya kazi na asile.
Mimi mwenyewe nilikuwa nikiisema,
nikiwa na bia mkononi, siku ya mshahara,
juu ya watu niliowapita mlangoni mwa ofisi ile.
Maneno yale yalikuwa matamu.
Sikujua kazi nayo huota miguu,
ikavuka bahari usiku, ikaacha geti limefungwa
na sisi tumeshika vyakula vyetu vya mchana.

Akatugawia fomu. *Taja ujuzi wako.*
Niliishika karatasi kati ya gumba na kile kidole kifupi
kabla sijaisoma; ndivyo mikono yangu inavyosoma.
Gramu themanini. Si ya kwetu. Imetoka mbali,
na aliyeikata kisu chake kilikuwa kimeanza kuchoka:
pembeni kuna manyoya, madogo, huyaoni, unayagusa tu.
Nikaandika neno moja: *Kukata.*
Hamish alilitazama muda mrefu.
Akalipiga mstari, taratibu, kama mtu anayeomba radhi,
juu yake akaandika: *Huduma kwa wateja.*

Jioni nilirudi na cheti cha siku ya nne.
Tanuri sikuliwasha; kuni ni za Ijumaa.
Mkate ulikuwa mmoja, na siku zilikuwa tano.
Nikanoa kisu kwenye kitako cha kikombe,
nikapima kwa jicho, sikutumia rula,
nikakata. Vipande ishirini na tatu, sawasawa, bila chenga.
Hakuna aliyekuwepo kuona.

Kimoja nilikiinua dirishani.
Taa ya barabarani ikapenya mpaka huku.
Gramu themanini, nadhani.
Au pungufu kidogo.