Herufi za Midomo

Mbeya naiweza.
Midomo inakutana, inaachana,
jina linatoka zima kama yai kwenye kiota.
Loleza siiwezi. Mlima uko palepale dirishani,
umejifunika ukungu hadi shingoni,
nikiuita inatoka "Oe-ya",
jina la mtu nisiyemjua.

Ulimi hauna mfupa, nilifundisha methali hiyo miaka kumi na tisa.
Wangu sasa una ngozi ya mkono wa kushoto.
Walikata upande wenye saratani, wakapima pengo,
wakachuna pale ninapofungia saa, wakashona.
Saa naivaa kulia siku hizi.
Kinyweleo kimoja kimeniota kinywani.
Daktari alisema ni kawaida,
mkono haujui kwamba umehama.
Na Julai, baridi ya Uyole ikishuka,
ulimi wangu hufa ganzi
kama mikono ya watu wote.

Mwezi wa kwanza niliandika kila kitu.
Atupele aliniletea daftari la mistari mikubwa,
naye akawa ananijibu kwa kuandika,
jioni nzima tumekaa kama wagomvi,
mpaka nikaandika: WEWE UNA ULIMI. SEMA.
Akacheka, halafu akalia,
halafu akaenda kutazama maharage jikoni.

Dukani kwa Mwaisumo niliomba sukari.
Ikatoka "fuhai".
"Furaha? Leo hatuna, Mwalimu."
Hakuwa na ubaya, sikio lake lilipokea hivyo.
Nyuma yangu watu wanne, mmoja ameshika mtungi wa gesi.
Nikaonyesha kwa kidole. Nusu kilo.

Basi nikahesabu kilichobaki
kama mtu aliyeunguliwa nyumba.
M ipo. B ipo. P, F, V zimetoka bila kovu.
Irabu zote tano zimekaa mlangoni, zinanisubiri.
KI imekufa.
VI ni nzima.
Kwa hiyo kioo chetu kimoja nakiita vioo,
kiwembe changu, viwembe.
Kipepeo akitua dirishani nasema "vipepeo",
na watoto wanageuka kuwatafuta wengine.

Mwalimu mkuu alitaka nihamie stoo, nigawe vitabu.
Nilikataa kwa kichwa.
Kichwa bado kinasema Kiswahili fasaha.

Siku ya kwanza niliita mahudhurio,
akaitika Bupe peke yake.
Lusajo, Sekela, Gwakisa walitazamana
wakidhani shule imepokea wageni.
Kufikia Ijumaa Lusajo alishajua yeye ndiye Uhayo,
na uwanjani wenzake wanamwita hivyo.
Nilimwandikia ubaoni: Samahani.
Akasoma taratibu, silabi kwa silabi,
sa, ma, ha, ni,
akasema, "Hilo langu la shule, Mwalimu. La nyumbani lipo."

Jana nilichora kuku, nikaandika chini yake KUKU.
Kawaida naonyesha kwa fimbo, wao ndio wanaotoa sauti.
Lakini jogoo wa jirani aliwika, darasa likacheka,
nami, kwa kusahau, nikafungua kinywa:
"Huhu."
Kimya.
Sekela akasimama bila ruhusa,
akaja mpaka mbele, vidole vimejaa chaki,
akajigusa kooni.
"Mwalimu, inaanzia huku. Huku nyuma. Bana."
Nikabana.
Mate yakanitoka, nikayafuta kwa kitambaa,
hakuna aliyecheka.
Nikabana tena, shingo yote ikavuta
kama ng'ombe anayeng'oa plau kwenye tope:
"Ku... hu."
Sekela aliinamisha kichwa kusikiliza,
mikono kiunoni, uso mkali,
uso ambao nadhani aliuchukua kwangu.
"Ya kwanza umepata," alisema.
"Rudia."