Kikohozi cha Mshika Bendera

Usiku wa sita umekwisha. Turubai limeshushwa.
Chilewa anakunja nyaya za taa kiwikoni,
anahesabu balbu: moja imeungua,
ile ya kushoto, niliyokuwa nafia chini yake.

Nafuta masizi usoni kwa mafuta ya alizeti.
Hayatoki yote. Kwenye mikunjo ya macho
mzee bado amejibanza,
na mvi zake (unga wa uwele, poda hatukuwa nayo)
zimegandia nyuma ya masikio.
Kesho kuku wa mwenye nyumba watanifuata.

Siku sita. Ya kwanza watu kumi na tisa;
niliwahesabu kwa pembe ya jicho huku nalia.
Msanii anayekwambia hahesabu
ni mwongo, au ana mshahara.
Ya pili upepo ukabeba mlango wa stesheni,
mlango wa maboksi tulioupaka rangi siku tatu,
ukatua kwa mama wa karanga. Akaukalia.
Ya tatu treni ya kweli ikapita katikati ya kifo changu,
mabehewa ya mizigo, marefu, yasiyo na haraka,
nikabaki nimefumba macho, bendera juu,
nasubiri yaishe ili nife.
Watu wakapiga makofi. Walidhani tumepanga.

Ila ni usiku wa nne nataka kuusema.

Watoto walikuwa wanagombea kuivaa kofia yangu.
Akaja mama mmoja, khanga kiunoni, ndala mkononi.
"Mbukwenyi," akasema. Nikaitikia.
Akanitazama viatu, akapanda taratibu mpaka kichwani.
"Baba yangu alishika bendera hapa Bahi
miaka ishirini na saba. Mgongo umeupatia.
Umepatia anavyoitazama reli hata pasipo treni.
Lakini hakukohoa hivyo."

Nami kile kikohozi nilikitafuta miezi miwili!
Nilikaa benchi la wagonjwa hospitali ya mkoa,
mzima kabisa, nikiiba vifua vya watu.
"Alikohoaje?" nikauliza, na kiburi kidogo.

Akageuka pembeni, akafunika mdomo kwa kiwiko.
Viwili vikavu. Pumzi. Halafu kimoja cha chini,
kama mtu anayebisha hodi huku anasukuma mlango.
Akacheka. Akafuta macho kwa pindo la khanga.
"Hicho cha tatu," akasema, "ndicho tulijua amefika.
Mama alikuwa anaanza kupakua."

Usiku wa tano nikakohoa hivyo.
Nilimtafuta gizani, sikumwona.
Ila nyuma kabisa, kwenye madawati ya shule,
babu mmoja alivua kofia
akaishika magotini mpaka mwisho.

Sikumuuliza yule mama jina. Wala la baba yake.
Kwenye karatasi ya tamasha nimeandikwa MZEE,
basi, kana kwamba uzee ni ukoo.

Na sasa hivi, nanywa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki,
hakuna taa, hakuna mtu,
kikatoka chenyewe:
viwili vikavu, pumzi, kimoja cha chini.
Chilewa akainua kichwa. "Pole. Vumbi?"
Nikamwambia vumbi.

Posho imo kwenye bahasha, pungufu ya walivyoahidi.
Shati la kaki nitalirudisha kwa mwenyewe, Mzee Ndahani,
kifungo kimoja kimepotea, nitashona cheupe,
ataona, atanyamaza.
Bendera nyekundu imebaki bila mwenyewe;
nimeifungia chungu cha kupakia vipodozi.

Nitashuka Kizota saa nne usiku.
Nina chumba kimoja. Ufunguo upo chini ya tofali.
Nikikohoa mlangoni hakuna atakayeinua mwiko,
labda mpangaji wa jirani atapunguza redio.

Nitakohoa tu. Nimeshajijua.