Nyuma ya Kigae

Desemba ikinukia tu, simu zinaanza.
Dar, Dodoma, mmoja yuko Uholanzi:
"Fundi Elifasi, mzee asilale kwenye udongo
wageni wakija."
Napanda mlima na mifuko saba ya saruji.
Mzungukoni mjini Moshi
askari wa sanamu ameshika bunduki yake
mchana, usiku, mvua ya vuli,
wala hajawahi kuniuliza niendako.
Namsalimu hata hivyo.
Siku moja nilimzunguka mara tatu
nikitafuta jina la fundi. Sikuliona.

Mwanangu wa darasa la sita alinionyesha kitabuni
piramidi za Misri.
Akauliza mafundi walilipwa shilingi ngapi.
Nikamwambia lala.

Wiki hii niko Kibosho, kwa marehemu Nderingo.
Kaburi liko kihambani, kahawa huku, migomba huku,
masale yamelizunguka, yameshikana mabega.
Binti yake Anansia ana picha kwenye simu:
marumaru nyeusi, msalaba, taa za jua pembeni.
"Haya majani yang'oe."
Shangazi Ndeshau akatua ndoo ya pumba.
"Majani? Huyo ndiye yeye."
Jembe langu likabaki hewani.

Wakajadiliana; mimi nilikunywa chai.
Ikaamuliwa masale yasogee hatua moja.
Yakasogea. Hayana kinyongo haya:
unayakata, unayachomeka,
yanaendelea pale mazungumzo yalipokatikia.

Kisha mwaka wa kuzaliwa.
Anansia: andika elfu moja mia tisa thelathini na moja.
Ndeshau: alizaliwa nzige walipokula
migomba mpaka maganda. Huo ndio mwaka.
Marumaru haina nafasi ya nzige.
Nikachonga namba.

Sasa niseme jambo ambalo mteja halijui.
Kila kigae, kabla sijakilaza kwenye saruji mbichi,
nakigeuza, naandika kwa penseli ya seremala
yale yaliyokosa nafasi juu.
Cha kwanza: alizaliwa mwaka wa nzige.
Cha pili: alichimba mfongo na ndugu yake,
maji yalipofika wakayagombea,
hawakusemezana miaka kumi na tisa.
Cha tatu: alipiga mluzi akikamua ng'ombe.
Haya Ndeshau huyadondosha akipita na ndoo,
hanitazami; nami sinyanyui kichwa.
Kisha nyundo ya mpira, taratibu, pembe nne,
na habari inalala kifudifudi
ikimwelekea mwenyewe.
Anansia atafuta vumbi juu kila Krismasi
na kupiga picha.
Sina ubaya naye. Alilia, kwa kweli,
alipoona jina limekaa sawa.

Mama yangu yuko Uru. Hana kigae hata kimoja.
Majirani wanacheka: mganga hajigangi.
Nilianza mara mbili; mara mbili saruji
ikaenda kwa mwenye haraka zaidi.
Hiyo ni nusu ya sababu.
Nusu nyingine: ningegeuza kigae cha kwanza,
nikashika penseli,
na ningelazimika kuandika kuhusu Aminieli na mimi,
wanawe wawili, mpaka wa hatua mbili,
na miaka minne bila kupeana hata moto.

Kwa mama kuna isale moja tu.
Nililichomeka siku ya mazishi, tope mpaka magotini,
bila kufikiri, kama mtu anayechomeka kijiti
asisahau alipofikia.
Limenipita kimo.

Jumapili nilivunja jani lake moja,
nikalipiga fundo kama tulivyofundwa,
nikashuka nalo, mkono umenyooka mbele,
watoto wa jirani wakanyamaza nilipopita.
Nimejenga makaburi mia mbili na kitu.
Hakuna hata moja ambalo ningeweza kulibeba hivi
mpaka mlangoni kwa ndugu yangu.

Aminieli alilitazama jani.
Akatazama juu, kule lilikotoka.
Akasogeza kigoda kwa mguu,
akaniuliza kama ni kweli
saruji imepanda bei.