Kilo Ishirini na Tatu

Shangazi Zuwena alituma sauti usiku, mara tano,
kila moja ikiifuta iliyotangulia:
niletee dagaa. La, usilete, watanuka uwanjani.
Niletee kidogo, wafunge vizuri.
Na mbaazi. Na zile pilipili za kwetu, fupi, kali kama mawifi.
Nikapima begi dukani Wete, mizani ya mchele:
kilo ishirini na tatu,
na nguo zangu humo ni shati mbili.

Ibra ilinipokea kwa jua la kukaanga bila mafuta.
Kahawa kwanza. Tende kwanza.
Kikombe kidogo kama kizibo;
nikanywa, kikajazwa, nikanywa, kikajazwa,
hadi binamu yangu Haitham akanionea huruma,
akanishika mkono, akautikisa:
kitikise, ndugu yangu, ndipo watajua umetosheka.
Kumbe huku kushiba huonyeshwa kwa mkono,
maneno hayaaminiki.

Mimi nilikwenda na hamu ya shuwa.
Wao walikuwa na hamu ya kwetu.
Basi siku tatu nikalishwa muhogo wa nazi, samaki wa kupaka,
na mbaazi nilizozibeba mwenyewe,
zimepanda ndege ili zinirudie mdomoni.
Shangazi akinitazama nikitafuna
kama mtu asomaye barua juu ya bega la mwenziwe.
"Ni yenyewe?" akauliza. "Kweli, ni yenyewe?"
Ni yenyewe, nikasema. Tui zito, halikukatika.
Akashusha pumzi.
Aliondoka Wete na miaka tisa.

Idi pili tukaenda shimoni.
Mtaa mzima ulikuwa umezika nyama humo,
vikapu vya makuti, kila nyumba na alama yake:
hii waya, ile kibao, ile kufuli bovu.
Cha kwetu kilifungwa kijiko,
kijiko cha bati, kimepinda shingo,
alichovuka nacho kiganjani asijue amekishika.
Mvuke ukapanda.
Haitham akapiga kelele kwa Kiarabu,
mimi nikapiga kelele kwa Kiswahili,
na nyama ikaelewa zote mbili,
ikaachia mfupa bila kubembelezwa.

Sinia moja, magoti kumi na sita.
Shangazi akinimegea vinono, akivisogeza mbele yangu
kama alipaye deni kwa sarafu ndogondogo.
Watoto wa Haitham wanajua maneno matatu ya Kiswahili:
njoo, kula, tena.
Si haba. Wapo wenye kamusi nzima na hayo hawanayo.

Nikaenda jikoni kunawa.
Nikasikia mtu akihesabu visahani:
"Sita, saba, huyu wa nane kenda wapi?"
Mwanahija, wa Pangani. Mwaka wa nne huu.
Ile "yenyewe" ilikuwa mkono wake.
Alikula amesimama, kwenye kifuniko cha sufuria.
"Mbaazi zako zina mchanga," akaniambia,
"nimezichagua mpaka macho yakauma," akacheka.
Nikasema asante,
neno jembamba, likadondoka kwenye sinki.

Nikamwuliza Shangazi, mbona hakai nasi?
Akakitazama kijiko, kimeoshwa, kimeanikwa dirishani.
"Ana haya," akasema.
Kisha, chai ilipokwisha kupoa:
"Sijawahi kumwuliza."

Asubuhi ya kuondoka sinia liliwekwa tena,
na magoti yalikuwa kumi na nane.
Hakuna aliyesema kitu. Mwanahija alikula haraka,
akiutazama mlango wa jikoni
kama aliyeacha maziwa motoni.

Maskati, uwanjani, mizani haijui ujamaa:
halwa mabakuli manne, tende, ubani,
na kifurushi cha Mwanahija kwa mamake,
kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Kilo ishirini na tano na nusu.
Watu nyuma yangu wakaguna.
Nikazitoa shati zote mbili, nikazivaa juu ya ile ya mwilini.
Bado.
Kifurushi sikukigusa.
Nikafungua halwa, bakuli la kwanza, la pili,
nikawageukia waliokuwa wakiguna:
njooni, nikasema.
Kuleni.