Gari la Mwaka Gani

Ijumaa, Wadi Kabir, jua halijapata makali,
na baba keshashuka kabla sijazima injini.
Hasalimiani na mtu. Anaanza na taa.
"Taa hazisemi uongo," husema. "Wenye magari ndio."

Muuzaji ni kijana wa Barka, kofia mpya, ufunguo kidoleni.
Benzi hii, anasema, ni ya sabini na tano,
ya babu yake, ililala bandani, haikuguswa, wallahi.
Baba anazunguka nyuma, anapitisha kidole gumba
juu ya taa nyekundu, laini kama ganda la yai.
"Ya sabini na tano ina mifuo,
mfuo juu ya mfuo, kama bati la paa,
ili tope lisizibe mwanga wote."
Kisha dirisha la mbele, kile kijidirisha cha pembetatu
cha kutupia majivu ya sigara:
"Hiki walikiondoa. Hii ni sabini na mbili.
Ukibisha, nitashuka hadi sabini na moja."

Kijana anabisha. Anafungua boneti, anaonyesha kibati.
Baba hata hainami.
"Kibati kina skurubu mpya. Wenziwe wote wana kutu."

Watu wamejaa sasa: wauza spea, Mbaluchi wa chai,
wazee wawili wa kwetu wanaojifanya wanapita njia.
"Muhenna, na ile je?" Wananyoosha bakora.
Ile Landkruza iliyoliwa pua na chumvi:
"Milango ya nyuma inafunguka kama kabati,
basi ni sabini na tano kuja huku. Tangi bado liko chini ya kiti,
basi haijafika sabini na tisa. Hapo kati, chagueni wenyewe."
Na ile Datsani ya rangi ya maziwa?
Anaitazama muda mrefu. Anavua miwani, anaivaa tena.
"Hiyo siijui. Mlango wa huku, boneti ya kule.
Uso mmoja, mama watatu."
Wanacheka. Yeye hacheki.

Juzi nilimpeleka kuhuisha kitambulisho.
Moja Januari, elfu moja mia tisa arubaini na saba.
Moja Januari, kama Bwana Khamisi Tuwani,
kama Mbarouk wa Mabela, kama baraza yao nzima,
wote wametoka kiwandani alfajiri moja.

Nikamuuliza ndani ya gari, tukingoja taa ya kijani.
"Karani alinitazama tu," akasema.
"Nywele, meno, mikono. Akaandika.
Nilikuwa nimetoka gereji ya Ng'ambo, mikono ya mzee.
Alinizidishia mitatu, labda mitano.
Sikubisha. Nilikuwa nataka kazi."

Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi. Hakunyamaza.

"Bibi yako alikuwa akisema nilizaliwa
wiki ile mwenye duka la vitambaa alipoleta Morisi,
ya kwanza mtaani petu.
Nikamuuliza: mama, kioo cha mbele kilikuwa kimoja au vipande viwili?
Viwili, akasema. Haya, hilo halinisaidii, miaka tele hapo.
Taa je? Zilikuwa chini, ndani ya meno ya mbele,
au zimepanda juu, kwenye mabega?
Kwa maana zikiwa chini, mimi ni wa hamsini, au nyuma yake.
Zikiwa juu, nimekuja baadaye.
Nilimuuliza nikiwa na miaka kumi, nikamuuliza na ishirini,
nikamuuliza kwa simu kutoka hapa, dakika ikiliwa na riali."

"Akasemaje?"

Baba akatazama nje, kwenye pikapu iliyotupita,
midomo ikitaja mwaka wake bila sauti.

"Akasema: ilikuwa nyeusi, mwanangu,
ikinguruma mlangoni,
na mimi nilikuwa na uchungu."